Waipa Husingiziwa

Dereva akinilalamikia kwamba waipa zake zinachora kioo badala ya kukisafisha, swali langu la kwanza huwa hili: gari lililala wapi? Wengi hunitazama kwa mshangao. Walitegemea niulize waipa zina muda gani au zimenunuliwa duka lipi. Swali hilo nimelirithi kwa mtu aliyenifundisha kazi, na miaka yote niliyopita barabara ya Kilwa kati ya Mbagala na Ikwiriri, pamoja na njia za mchanga zinazochepuka kwenda delta ya Rufiji, sijapata lililo bora kuliko hilo. Kioo cha mbele huokota kitu kila gari linapopita na kila linaposimama. Waipa ni ukanda wa mpira uliopewa kazi moja, kuondoa maji. Ukikuta chumvi, mafuta na utomvu, utavitandaza vyote mbele ya macho ya dereva, na lawama itauangukia wenyewe.

Kazi yetu, mimi na huyo aliyenifundisha, ilikuwa ya kusafirisha kamba. Pikapu ilipakia barafu Dar es Salaam, ikapita Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu, na ilipofika Bungu tukaiacha lami na kushika njia ya Nyamisati, kilomita 40 na ushee mpaka ukingoni mwa maji. Nyamisati ni mlango wa delta. Hapo hufikia mashua kutoka Salale, Mbwera, Kiongoroni na vijiji vingine vilivyomo ndani ya mikoko, na hapo abiria wa Mafia hupanda chombo. Ratiba yetu ilipangwa na maji kujaa na kupwa. Mashua ikikwama kwenye kijito maji yakipwa, kamba hufika magharibi badala ya adhuhuri, na barafu haingoji mtu. Ilibidi mzigo uwe soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kabla ya alfajiri, wanunuzi wakubwa hawajaondoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari za kurudi ilikuwa ya usiku.

Usiku ndio unaokipima kioo. Mchana utando mwembamba wa chumvi hauonekani hata ukiutafuta. Usiku lori la saruji likija mbele na taa zake zote zimewashwa, utando ule ule unawaka kioo kizima, na kwa sekunde mbili tatu dereva haoni kitu. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linasogea mita 22 kila sekunde. Na barabara ile ina watu: baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa bila taa, waumini wanaorudi kutoka swala ya isha, lori lililoharibika na matawi mabichi yaliyotupwa lamini nyuma yake kuwaonya wanaokuja. Matawi hayo ndiyo niliyoyaogopa kuliko vyote, maana kwenye kioo chenye ukungu huyaoni mpaka umeyakanyaga, na ukishayakanyaga lori lenyewe liko mbele yako.

Aliyenifundisha tulimwita Mjomba. Alikuwa Mndengereko wa upande wa Bungu, mtu mzima aliyeanza kazi ya magari wakati Mto Rufiji bado unavukwa kwa pantoni pale Ndundu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 foleni ile ilikwisha, lakini kabla ya hapo malori ya Kusini yalikaa pale saa nyingi, na masika yakizidi yalikaa siku. Mjomba alikuwa utingo katika foleni hiyo, na kazi aliyopewa ni kuosha kioo cha lori kwa maji ya mto. Alinihadithia kwamba maji ya Rufiji ukiyachota na kuyamwaga hapo hapo yanakiacha kioo na utando wa kahawia. Akazoea kuchota jioni, kuiacha ndoo itulie usiku kucha, na asubuhi kutumia nusu ya juu tu. Tope linalobaki chini ya ndoo ndilo linalorutubisha mashamba ya mlau kando ya mto mafuriko yanapopungua, na watu wa Rufiji wamelishukuru vizazi kwa vizazi. Kwenye kioo tope hilo ni msasa.

Sababu iko kwenye ugumu. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa daraja za ugumu, kutoka 1 hadi 10. Punje za mchanga wa kawaida, zile nyeupe zinazometameta juani, zina daraja la 7. Kioo cha gari kiko kati ya 5 na 6. Maana yake mchanga unaweza kukichora kioo, na kioo hakiwezi kuufanya mchanga kitu. Gari likitoka Nyamisati wakati wa kiangazi kioo kimefunikwa na punje hizo, na dereva akiwasha waipa kikavu, au kijana wa kijiweni akijitolea kukufutia kwa fulana kuukuu, kila punje inaacha mstari wake. Mistari hiyo haina sabuni. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati yake, ufundi ambao Mfaransa Édouard Bénédictus aliupatia hataza mwaka 1909, na ndiyo maana kikipigwa jiwe hupasuka bila kumwagikia abiria. Ukisugua sana upande wa nje ili kuondoa mikwaruzo, unakipunguza unene mahali pamoja na si pengine, na dereva ataona barabara imepinda mahali ambapo haikupinda. Mikwaruzo midogo sana fundi anaweza kuisugua kwa unga wa seriamu oksaidi, ule unaotumiwa na wanaong'arisha vioo. Iliyozama hadi kucha inanasa, hiyo mwachie mwenye kuuza kioo kipya.

Kwa hiyo kwa Mjomba kitambaa hakikugusa kioo kabla ya maji. Asubuhi zetu zilianza hivi:

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa. Umemwaga au umefuta?"

"Nimemwaga, Mjomba."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka maji yanashuka meupe."

"Haya, sasa shika kitambaa."

Uchafu uliotusumbua kuliko wote ulikuwa chumvi, na nadhani ndio unaoeleweka vibaya kuliko wote. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, upepo unapiga kutoka baharini na kubeba matone madogo ya maji ya chumvi hadi mbali na ufuo. Gari lililolala Nyamisati likiukabili upepo huo huamka na kioo kinachoonekana safi kabisa. Chumvi ya kawaida ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi huyeyuka yenyewe bila tone la mvua. Pwani usiku unyevu huzidi hapo bila shida. Ndipo dereva aliyeondoka saa kumi jioni na kioo kikavu anapojikuta saa mbili usiku kioo kimelowa, anawasha waipa, maji yanatawanyika, upepo unayakausha, na utando mweupe unarudi mzito kuliko mwanzo. Anawasha tena. Hali inakuwa ile ile. Akifika Kibiti ananunua waipa.

Chumvi inaondoka kwa kuyeyushwa na kubebwa na maji mengi baridi yasiyo na chumvi, na hapo pana taabu, kwa sababu visima vingi vya ukingoni mwa delta vina maji ya munyu. Ukiosha kioo kwa maji hayo na kukiacha kikauke juani umeongeza chumvi juu ya chumvi, pamoja na vidoa vya chokaa vyenye duara jeupe. Mjomba alikuwa na dumu moja ambalo halikunywewa wala halikupikiwa, la maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati ya nyumbani kwake. Sabuni na suuza ya kwanza zilikuwa za maji ya kisima. Suuza ya mwisho ilikuwa ya dumu lile. Maji ya mvua yana madini machache mno yaliyoyeyuka, kwa hiyo yakikauka hayaachi alama. Leo nyumba nyingi za Kibiti na Bungu zina simtanki chini ya mabati, na sioni kwa nini dereva anayeishi hapo ahangaike na vidoa. Vilivyokwisha kuganda huvitoa kwa siki: lowesha kitambaa, kilaze juu ya kidoa dakika chache, chokaa italegea, kisha suuza. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo na huku kwetu haiadimiki.

Jambo jingine dogo nililolipenda kwake ni namna alivyoegesha. Nyamisati alilipa kusi mgongo wa gari. Kwa hatua hiyo tu, asubuhi tulikuta kioo cha nyuma kina chumvi kuliko cha mbele, na kioo cha nyuma hakimwui mtu.

Vuli ikianza huja kumbikumbi. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, wanatoka kwa maelfu jioni na kufuata mwanga, na kati ya Bungu na Kibiti mwanga wenyewe mara nyingi ni taa za magari. Kila anayewakaanga anajua kwamba hawahitaji mafuta mengi kikaangoni, wanayo yao. Mafuta hayo ndiyo yanayobaki kwenye kioo, pamoja na mabawa. Waipa ikipita juu yao inawasaga, na eneo lote linageuka ukungu wa mafuta ambao maji peke yake hayaugusi. Hapo nimewaona madereva wakubwa, wenye miaka ishirini barabarani, wakiongeza kasi ya waipa. Kinachotakiwa ni kusimama mahali salama nje ya barabara, kunyunyiza maji yenye sabuni, kusubiri kidogo, kisha kufuta kwa kitambaa safi na kuufuta mpira wa waipa wenyewe, maana nao umeshapakwa. Tulikuwa na chupa ya maji ya sabuni chini ya kiti cha utingo msimu mzima wa vuli. Waliokwisha kukauka huondolewa asubuhi kwa kulaza gazeti lililolowa juu ya kioo robo saa. Gazeti linashikilia maji pale pale, wadudu wanalainika, nawe huna haja ya kukwangua.

Kivuli nacho kina gharama. Nchi ya Kibiti na Rufiji ni ya minazi, miembe na mikorosho, na dereva aliyetoka juani haulizi mara mbili kabla ya kuegesha chini ya mwembe. Wadudu wadogo wanaofyonza majani hudondosha matone ya kunata, yasiyoonekana yakiwa mabichi, na vumbi huja kuyakalia. Hayo yanatoka kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Utomvu wa mkorosho ulioganda ni mkaidi zaidi na unataka spiriti ya duka la dawa. Kisha kuna salfa. Mikorosho ikikaribia kuchanua wakulima huipulizia unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, na ukipita kando ya shamba asubuhi hewa imetulia, unga huo wa manjano hukaa kwenye kioo. Salfa haiyeyuki katika maji. Utamwaga ndoo nzima nayo itahama tu kutoka hapa kwenda pale. Sabuni ndiyo inayoifanya ikubali kubebwa. Moshi wa malori sina mengi ya kuusema: ni masizi na mafuta, hutoka kwa sabuni, na hupungua ukiacha nafasi ya kutosha kati yako na lori, jambo ambalo ungetakiwa kulifanya hata kama halitoi moshi.

Upande wa ndani wa kioo watu wengi huusahau mwaka mzima. Joto la pwani linaichemsha dashibodi, na plastiki yake hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo na kuwa utando wa mafuta. Vijana wanaoosha magari wakiipulizia dashibodi ile dawa ya kung'arisha, utando unaongezeka maradufu, na abiria wakipanda na nguo zilizolowa, kioo chenye utando huo hushika ukungu haraka kuliko kioo safi. Mimi huosha ndani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha kitambaa kikavu. Nikimaliza nje nafuta kwa mikono ya kupanda na kushuka, na ndani kwa mikono ya kwenda kulia na kushoto. Mstari ukibaki, mwelekeo wake unaniambia uko upande gani, sihangaiki kusugua upande usiohusika.

Siku ya kukiandaa kioo kwa ajili ya masika au vuli haitaki haraka. Namaanisha siku moja mwishoni mwa Februari na nyingine mwanzoni mwa Oktoba, gari likiwa kivulini na kioo kimepoa. Kwanza maji mengi, kisha sabuni ya maji kwenye ndoo moja na maji safi kwenye ndoo ya pili, kwa sababu kitambaa kinachorudishwa kwenye ndoo ile ile ya sabuni kinarudi na mchanga wake. Ukishasuuza, pitisha ncha za vidole juu ya kioo. Utashangaa. Kioo kinachong'aa kina vipele vidogo vya lami, utomvu na mabaki ya wadudu, na kila kipele kinautikisa mpira wa waipa unapopita. Maduka ya spea ya Dar es Salaam siku hizi yanauza udongo laini wa kusugulia magari, unaoviringishwa juu ya kioo kilicholowa sabuni na kuving'oa vipele hivyo bila kuchora. Ukidondoka chini usiuokote. Udongo ulioanguka kwenye mchanga wa Kibiti umeshakuwa kitu kingine.

Baada ya hapo ni spiriti, ya kuondoa mafuta ya mwisho, na baada ya spiriti ni jaribio ambalo naliamini kuliko macho yangu. Mwaga kopo moja la maji safi juu ya kioo na utazame yanavyoshuka. Kioo kisicho na mafuta maji hukitandaa chote, wembamba mmoja, bila kuachana. Yakijikusanya matone hapa na kukimbia mahali pale, mafuta bado yapo pale yanapokimbia. Rudia hapo tu. Nimewahi kuwaona mafundi wakiruka hatua hii kwa sababu kioo "kimeshang'aa", kisha wanapaka dawa ya mvua juu yake.

Sasa hiyo dawa ya mvua. Rain-X ya Marekani imekuwapo tangu miaka ya 1970 na ndiyo inayojulikana zaidi, nyingine nyingi zimefuata, na nyingi kati yake zinafanya kazi kwa njia inayokaribiana: chembe za jamii ya silikoni hujishikiza kwenye uso wa kioo na kuufanya ukatae maji. Maji yanajikunja kuwa matone, na upepo wa mwendo unayasukuma juu. Zishike nini, hilo ndilo suala. Zikikuta kioo kitupu zinashika kioo, na hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache. Zikikuta mafuta na chumvi zinashika mafuta na chumvi, na mvua ya pili inaondoka na vyote. Mabaki ya dawa yasiyofutwa vizuri ndiyo yanayozifanya waipa ziruke na kupiga kelele, halafu watu wanasema dawa imeharibu waipa. Hupakwa kidogo, kwa mizunguko midogo, ikaachwa ikauke mpaka ifanye ukungu, ikafutwa kwa kitambaa safi mpaka kioo kisiteleze kwa namna ya mafuta, na baadaye ikarudiwa mara ya pili.

Lakini mtu wa delta aijue mipaka yake. Matone yanapeperuka gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 na zaidi. Kutoka Kibiti kwenda Ikwiriri, kwenye lami iliyonyooka, utaipenda. Kwenye njia ya Nyamisati wakati wa mvua, unapotambaa kati ya madimbwi, matone hayaendi popote. Yanakaa juu ya kioo, na usiku kila tone linashika mwanga wake. Vijijini kote barabarani mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50, na hapo ndipo watu wanapovuka. Kwa hiyo dawa haiondoi haja ya waipa nzuri huku kwetu. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba chumvi na kumbikumbi hawashiki sana juu ya kioo kilichopakwa, na kuosha kunachukua nusu ya muda.

Waipa zenyewe hazijabadilika sana tangu Mary Anderson wa Alabama alipopata hataza ya kifaa chake mwaka 1903, baada ya kumwona dereva wa tramu ya New York akihangaika na kioo kilichofunikwa na theluji. Ni mkono, springi inayousukuma mkono kwenye kioo, na ukanda wa mpira. Ukanda huo una mdomo mwembamba ambao lazima ulale nyuma ya mwendo: waipa ikienda kulia mdomo unalala kushoto, ikirudi unageuka. Mkono uliopindika hata kidogo, labda kijana wa kuosha gari aliuvuta, unauzuia mdomo usigeuke upande mmoja, na waipa inakwenda vizuri ikirudi kwa kurukaruka. Kubadilisha mpira hakutibu hilo. Fundi anaunyoosha mkono taratibu kwa koleo mpaka mpira usimame wima juu ya kioo.

Mpira nao unakufa kiangazi, na tunagundua vuli. Kuanzia Juni hadi Oktoba huku mvua ni chache, waipa zinalala upande mmoja juu ya kioo cha moto, mdomo unakauka ukiwa umelala vile vile. Mjomba aliweka utaratibu wa kuzilowesha na kuzifuta kila wiki, mvua iwepo isiwepo, na kutoziinua zikiwa wima bila kuweka kitambaa kilichokunjwa kwenye kioo, kwa sababu mkono wa chuma ukianguka na springi yake unapasua kioo. Wapo wanaopaka dizeli au mafuta ya taa ili mpira ulainike. Unalainika kweli kwa siku mbili, kwa kuwa mafuta ya petroli huuvimbisha mpira, kisha unakatika. Mpira mpya nao usiufute kwa spiriti. Mingi ina unga wa grafiti unaoisaidia kuteleza, na spiriti huuondoa wote kwa mpigo mmoja. Maji ya sabuni yanatosha.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliipiga pwani ya Kusini na barabara ikakatika maeneo ya Somanga. Nilikuwa Ikwiriri pamoja na madereva wengi waliokuwa wakisubiri habari, na mvua haikuwa na mpango wa kuacha. Kijana mmoja wa basi dogo alikuwa amebadilisha waipa zote mbili wiki ile ile, kwa fedha yake, na bado alikuwa haoni kitu. Alishashawishika kwamba ameuziwa feki.

"Gari lililala wapi, mdogo wangu?"

"Juzi? Kilwa Masoko, Mzee. Pembeni ya bahari kabisa."

Nikamwomba ruhusa nikamwoshea upande wa dereva peke yake: sabuni, maji ya mvua yaliyokuwa yakitiririka kwenye bati la duka, na mpira wa waipa ya upande huo nikaufuta mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheusi. Upande wa abiria sikuugusa. Akaingia, akawasha. Waipa mbili za duka moja na siku moja zikaanza kupita pamoja, moja inaacha kioo wazi, nyingine inaacha utepe wa maziwa. Alizitazama kimya muda mrefu, kisha akashuka akachukua ndoo.

Alipomaliza upande wa pili akaniuliza kama anunue na dawa ya mvua. Nilimwambia asiinunue kwa sasa. Dawa hairuhusu unyevu, kioo lazima kikauke kabisa kabla ya kupakwa na kiachwe kavu saa kadhaa baada yake, na katika wiki ile hapakuwa na saa kavu kutoka Ikwiriri hadi Lindi. Fedha hiyo aiweke kwenye vitambaa vitatu safi, kimoja cha ndani, kimoja cha nje, na kimoja cha mpira wa waipa peke yake, na kabla ya Oktoba apite Kibiti tukipake kioo chake pamoja.